Jeshi la Austria enzi za Napoleon: silaha zilikuwepo, kilichokosekana ni mpangilio (uzi mrefu, kaa mkao wa kula)

Mzee_wa_Gobori:
Wakuu, heshima kwenu.

Kila uzi wa Napoleon ukifunguliwa humu, Austria inatajwa kwa kazi moja tu: kuchapwa. Ulm kachapwa, Austerlitz kachapwa, Wagram kachapwa. Wanaoandika hivyo wanasahau kwamba kati ya 1792 na 1815 kulikuwa na miungano saba dhidi ya Ufaransa, na Austria ilikosekana kwenye mmoja tu, ule wa 1806 hadi 1807. Anapigwa, anaporwa mikoa, anasaini mkataba, baada ya miaka minne huyu hapa tena na jeshi jipya. Prusia ilipigwa mara moja 1806 ikalala miaka sita.

Naweka msimamo wangu mapema ili mnishambulie vizuri. Silaha za Austria hazikuwa tatizo, na katika mambo mawili matatu walikuwa mbele ya Wafaransa. Kilichowaumiza ni jinsi jeshi lilivyopangwa, nani anamteua nani, na hazina kavu. Nitashusha vipande vipande.

Kinyonga_Mweusi:
Siti ya mbele nimeshachukua. Shusha.

BintiPwani:
Nipo. Ila kaka, anza na hao watu wenyewe. Austria ya leo kanchi kadogo, hilo jeshi la mamia ya maelfu walilitoa wapi?

Mzee_wa_Gobori:
Swali zuri dada. Usiifikirie Austria ya leo. Hii ni milki ya ukoo wa Habsburg: Austria, Bohemia, Moravia, Hungaria, Kroatia, Transylvania, sehemu ya Poland waliyoiita Galicia, na vipande vya Italia kwa nyakati tofauti. Kombania moja ingeweza kuwa na Mcheki, Mjerumani na Mpoland, na sajini analazimika kujua matusi ya lugha zote tatu.

Askari wa miguu waligawanyika makundi mawili makubwa. Kuna rejimenti walizoziita za Kijerumani, ambazo ndani yake mlikuwa na Wacheki na Wapoland tele, na kuna rejimenti za Kihungaria. Kufikia 1809 zilikuwa 46 za Kijerumani na 15 za Kihungaria. Wote koti jeupe. Ukitaka kumtambua Mhungaria tazama miguuni: suruali ya buluu iliyobana na viatu vifupi. Mwenzake amevaa nyeupe na soksi nyeusi za kitambaa hadi magotini.

Tofauti haikuwa ya mavazi tu. Upande wa Kijerumani watu waliandikishwa kwa lazima, kijiji kwa kijiji, kwa daftari. Hungaria haikukubali. Kule kaizari alilazimika kuliomba bunge la mabwana wakubwa limpe vijana, na wao walijua kuuza mbuzi wao kwa bei. Kwa hiyo nusu ya milki inatoa askari kwa amri, nusu nyingine kwa majadiliano, wakati Ufaransa inawakusanya vijana wake wote kwa sheria moja.

Na ukishaingia ni maisha. Mpaka 1802 askari wa lazima alitumikia hadi mwili ukatae. Ndipo wakapunguza: miaka 10 kwa askari wa miguu, 12 kwa wapanda farasi, 14 kwa wapiga mizinga.

Kapteni_Mstaafu:
Nimelitumikia jeshi, na jambo la kwanza ninaloulizaga kuhusu jeshi lolote ni hili: nani anapandisha vyeo? Hapo ndipo pa kuangalia.

Mzee_wa_Gobori:
Umegonga penyewe, afande.

Kila rejimenti ilikuwa na "mwenyewe", na ilibeba jina lake. Huyu mara nyingi alikuwa jenerali mzee au mtoto wa mfalme, na hakuwa lazima aiongoze vitani. Kazi hiyo aliifanya kanali. Lakini mwenyewe ndiye aliyekuwa na haki ya kuteua maofisa hadi cheo cha kapteni. Kwa maneno mengine, ukitaka kuwa luteni unamtafuta mtu wa kukusemea kwa bwana mkubwa, na Vienna hawana habari.

Juu ya hao wote kuna Hofkriegsrat, baraza la vita la ikulu, chombo kilichoanzishwa 1556. Karatasi, mihuri, wazee. Jenerali aliyeko Italia anasubiri kibali kutoka Vienna wakati Bonaparte (ndiye Napoleon huyo huyo) ameshavuka mito miwili. Tena tazameni umri wa waliotumwa kumzuia 1796. Beaulieu alikuwa na miaka 70. Akapigwa, wakamleta Wurmser, 72. Bonaparte mwenyewe alikuwa na 26. Wurmser alifungiwa ndani ya Mantua hadi Februari 1797 akasalimu amri. Mwaka 1800 kule Marengo wakampeleka Melas, 71. Huyu mchana alijiona ameshinda, akaondoka uwanjani na kumwachia mnadhimu wake Zach kazi ya kuwafukuza Wafaransa. Jioni Zach ametekwa na vita imegeuka.

Kinyonga_Mweusi:
Yaani mzee alienda kupumzika?? 😂

Mzee_wa_Gobori:
Alikuwa amechoka na ameumia kidogo, tumstahi. Lakini ndiyo.

Mlima_Meru:
Mzee wa Gobori, jina lako limekutangulia. Tupe bunduki sasa. Hasa ile ya upepo, maana nimeona video inasema Austria walikuwa na bunduki ya kupiga risasi 20 bila moshi na Napoleon aliiogopa.

Mzee_wa_Gobori:
Nilijua itakuja tu. Tuanze na ya kawaida kwanza.

Askari wa kawaida alibeba gobori la gumegume. Unang'ata karatasi ya baruti, unamimina, unashindilia risasi kwa mdeki, unafyatua, jiwe linagonga chuma, cheche, moshi. Modeli ya 1798 ilifuata sana bunduki ya Kifaransa ya 1777, na kipenyo cha mtutu kilikuwa milimita 17.6. Mtutu laini, usiolenga kitu cha maana ukipita hatua 100. Mfaransa alikuwa nayo hiyo hiyo tu, kwa hiyo hapo hakuna aliyemzidi mwenzake. Singe mbele, basi.

Sasa hiyo ya upepo. Ni kweli ilikuwepo. Aliyeibuni ni Bartolomeo Girandoni, fundi wa Tirol aliyefanya kazi Vienna, na jeshi likaipokea karibu 1780. Tako la bunduki lenyewe ndilo tungi la hewa: chuma chenye umbo la pia, kimefunikwa ngozi, unakifungua na kufunga kingine. Pembeni mwa mtutu kuna bomba la risasi 20. Unainua mdomo wa bunduki juu, unasukuma kijiti kwa kidole gumba, risasi inadondoka mahali pake, unalenga, unapiga. Hakuna baruti, hakuna moshi, mvua haikusumbui, na huna haja ya kusimama ili ushindilie. Mwenye gobori alipiga mara mbili au tatu kwa dakika. Huyu anamaliza bomba zima kabla mwenzake hajapiga ya tatu.

Kasheshe ni kulijaza tungi. Pampu ya mkono, na unahitaji kusukuma mara 1,500 hivi. Tungi likijaa linatoa kama risasi 30 za maana, na kadiri hewa inavyopungua ndivyo risasi inavyolegea. Vizibo vilikuwa vya ngozi. Vikikauka hewa inavuja, na fundi wa kawaida wa rejimenti hajui aanzie wapi kutengeneza.

Mlima_Meru:
Mara 1,500! Hiyo ni adhabu, siyo silaha.

Mzee_wa_Gobori:
Ndiyo maana kila mtu alipewa matungi ya akiba yaliyojaa, na nyuma kulikuwa na pampu kubwa. Ilitumika hasa vita ya Waturuki, 1788 hadi 1791. Napoleon anakuja kuwa mtu mkubwa, nyingi zimeshalala ghalani, na kufikia 1815 zilikuwa zimeondolewa kabisa. Ile hadithi kwamba Wafaransa walimnyonga kila aliyekamatwa nayo haina ushahidi wa kueleweka. Na wala haikuamua Austerlitz wala Wagram. Umaarufu wake wa leo unatoka Marekani: Lewis na Clark waliposafiri kuelekea magharibi 1804 hadi 1806 walibeba bunduki ya upepo, na wanahistoria wengi wanaamini ilikuwa ya aina hii. Kila walipokutana na wenyeji waliifyatua mbele yao, kuwaonyesha wageni hawa si wa kuchezewa.

BintiPwani:
Kumbe Habsburg hao hao ndio wa Maria Theresa? Yule wa kwenye reale za fedha? Bibi yangu Unguja alikuwa nazo zimetengenezwa mkufu.

Mzee_wa_Gobori:
Ndiye huyo huyo dada! Reale ya Sham kama walivyoiita wazee wa pwani. Alikufa 1780, na sarafu zikaendelea kupigwa na mwaka huo huo kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikataa nyingine. Jeshi tunalolizungumza yeye ndiye aliyelijenga upya. Nishani kubwa ya kijeshi ina jina lake, aliianzisha 1757, na chuo cha maofisa cha Wiener Neustadt ni chake pia. Kaizari aliyepambana na Napoleon, Franz, ni mjukuu wake.

Kapteni_Mstaafu:
Turudi kazini. Mizinga.

Mzee_wa_Gobori:
Mizinga ndiyo fahari yao, afande, na hapa ndipo hoja yangu inapopata nguvu.

Mwanamfalme Joseph Wenzel wa Liechtenstein alijeruhiwa vitani 1742, akaona jinsi mizinga ya Prusia ilivyowachapa. Akapewa idara ya mizinga, akaifumua yote, na kwa majaribio mengi alitoa pesa zake mfukoni. Mfumo wake wa 1753 ulikuwa na mizinga ya ratili 3, 6 na 12 (huo ni uzito wa tufe linalopigwa), magurudumu na vipuri vya vipimo vya aina moja, mitutu mepesi. Miaka ya 1757 na kuendelea akaja ofisa wa Kifaransa kutumikia huko, jina lake Gribeauval. Akaona, akajifunza, akarudi kwao akatengeneza mfumo wa Kifaransa wa 1765, ule ule ambao Bonaparte, mtoto wa mizinga, alikuja kuushindia vita. Shule ni ya Austria, mwanafunzi bora yuko Ufaransa.

Walikuwa na kituko kingine nakipenda. Mizinga ya kufuatana na wapanda farasi iliwekewa mto mrefu wa ngozi juu ya kigogo cha nyuma, na wapiga mizinga wanaupanda, mguu huku mguu huku, mmoja nyuma ya mwenzake, huku farasi wanauvuta mbio. Waliuita "soseji". Wafaransa walimpa kila mpiga mzinga farasi wake, ndiyo kasi zaidi, lakini hesabu gharama ya farasi wote hao na nyasi zao.

Kilichoharibu ni matumizi. Mizinga ilitawanywa: kila batalioni na vimizinga vyake viwili vitatu vya ratili 3. Mfaransa anakusanya mizinga yake mahali pamoja anatoboa tundu kwenye mstari. Wao wanayo mingi, yote inalia kwa mbali, hakuna hata sehemu moja inayouma. Hadi 1808 ndipo Mwanamfalme Karl alipoikusanya kuwa betri, yaani makundi ya mizinga inayopiga pamoja.

Kinyonga_Mweusi:
Karl ndiye nani tena?

Mzee_wa_Gobori:
Mdogo wake kaizari, kazaliwa 1771. Alikuwa na kifafa na wala hakuwa mtu wa majigambo, lakini ndiye jenerali bora waliyekuwa naye. Aliwapiga Wafaransa Amberg na Würzburg 1796, na Stockach 1799. Baada ya 1801 akaanza kurekebisha jeshi, ikulu ikamchoka. Kaka yake alimwogopa kidogo, tuseme ukweli. Kila Karl akipata nguvu nyingi, kuna mtu anamnong'oneza kaizari.

Basi 1805 walipotaka vita na yeye akasema bado hatujawa tayari, wakampata aliyesema tuko tayari. Jenerali Mack.

Kapteni_Mstaafu:
Mack! Huyo niachieni mimi.

Vijana, sikilizeni. Juni 1805, vita iko mlangoni, Mack anaamua kupangua rejimenti zote za miguu. Zilikuwa na batalioni tatu zenye kombania sita kila moja. Yeye akataka batalioni tano zenye kombania nne. Kwenye karatasi ni wazo zuri, batalioni ndogo inageuka haraka. Lakini kombania zinahamishwa, makapteni wanapata wakubwa wasiowajua, askari hajui asimame nyuma ya nani. Septemba wako Bavaria wanasonga mbele hivyo hivyo. Ni timu inayobadilishiwa namba za wachezaji wote ndani ya basi la kwenda uwanjani.

Matokeo mnayajua. Napoleon akavuka Rhine mwishoni mwa Septemba, akamzunguka, na tarehe 20 Oktoba Mack akatoka Ulm na zaidi ya watu 20,000 kuweka silaha chini. Mahakama ya kijeshi ikamvua cheo na kumfunga. Mwaka 1819 wakamrudishia cheo chake kimya kimya.

Na kabla damu haijakauka, 13 Novemba, daraja la Vienna. Murat na Lannes, marshali wa Napoleon, wakaja kwa miguu wakitabasamu, wakawaambia walinzi kwamba mkataba wa kusitisha vita umeshasainiwa. Baruti ya kulilipua daraja iko tayari, haikuwashwa. Wafaransa wakavuka. Nimekaa kwenye lindo miaka mingi, ile hadithi hainichekeshi hata kidogo.

Mlima_Meru:
Mimi sikubali mzigo wote aubebe Mack. Jeshi la Karl lililopangwa vizuri nalo si lilipigwa Wagram 1809? Hoja ya "mpangilio" inaanza kuvuja hapo, Mzee wa Gobori.

Mzee_wa_Gobori:
Haivuji, subiri.

Baada ya 1805 Karl akapewa rungu. Akatoa kitabu kipya cha mafunzo 1807, akapunguza viboko na kuagiza askari atendewe kama mtu. Akaunda batalioni tisa za Jäger, wawindaji waliovaa kijivu, baadhi yao wakiwa na bunduki fupi zenye mifereji ndani ya mtutu, zinazolenga kweli. Juni 1808 likaundwa Landwehr, mgambo wa wananchi. Na mwaka 1809 jeshi likagawanywa kwa mtindo wa Kifaransa: vikosi vikuu tisa na viwili vya akiba, kila kimoja na askari wake wa miguu, farasi na mizinga, kinachoweza kujitegemea siku nzima.

Matunda yalionekana Aspern, 21 na 22 Mei 1809. Karl alimwacha Napoleon avuke Danube na sehemu ya jeshi, kisha akamkaba. Juu ya mto wakaachilia mashua zilizojaa mawe na vinu vya kusagia vinavyoelea, vingine vikiwaka moto, vikashuka na maji kugonga daraja la Wafaransa hadi likakatika, mara baada ya mara. Wapanda farasi wazito wa Ufaransa walipowavamia askari wa miguu, walikuta batalioni zimejifunga kuwa furushi moja la singe, mtindo walioutilia mkazo kwenye mafunzo mapya. Jenerali Espagne wa Ufaransa akafa pale. Marshali Lannes, yule yule wa darajani, tufe la mzinga likampiga miguu, akafa siku chache baadaye. Napoleon akarudi nyuma.

Wagram, 5 na 6 Julai, walishindwa, ndiyo. Uwanjani walikuwa zaidi ya watu 300,000 kwa pande zote mbili. Walipigana siku mbili, wakaondoka kwa mpangilio, hawakukimbia. Linganisha na Ulm. Tatizo ni kwamba mageuzi yalikuwa na mwaka mmoja au miwili tu, majenerali wa hivyo vikosi vikuu bado walisubiri amri ya maandishi kwa kila hatua, na pesa hakuna. Kofia ngumu za ngozi za 1798 ziliachwa wakahamia kofia ndefu za bei nafuu, na 1809 baadhi ya rejimenti zilikuwa bado hazijabadilishiwa. Februari 1811 serikali ikafilisika rasmi, noti zikashushwa hadi moja ya tano ya thamani. Hapo unanunua farasi kwa nini?

Mlima_Meru:
Sawa, Aspern nakupa. Wagram bado nina mashaka.

BintiPwani:
Hao wapanda farasi wa Austria mbona umewaruka?

Mzee_wa_Gobori:
Walikuwa wazuri, mmoja mmoja labda bora Ulaya. Hussar wa Kihungaria waliigwa na kila nchi, Ufaransa ikiwemo. Ulani wenye mikuki walitoka kwa Wapoland wa Galicia. Shida yao kama ya mizinga: walitumwa vikundi vikundi, nadra kuwaona maelfu wakivamia kwa pamoja.

Ila kuna jambo moja la silaha ambalo lazima niwape wapinzani wangu. Wapanda farasi wazito wa Austria walivaa bamba la chuma kifuani tu, limepakwa rangi nyeusi. Mgongoni hakuna. Ni nyepesi na rahisi, na ukisonga mbele inatosha. Usiku wa Eckmühl, 22 Aprili 1809, walichanganyikana na Wafaransa waliovaa chuma mbele na nyuma. Wakishageuka tu kurudi, panga zinaingia mgongoni. Walioumia upande wa Austria walikuwa wengi mno kuliko wenzao.

Kinyonga_Mweusi:
Na wale wa mpakani, Grenzer? Nimewahi kuwasoma mahali.

Mzee_wa_Gobori:
Hao wanastahili uzi wao. Mpaka wote na Waturuki, kuanzia Kroatia hadi Transylvania, ulikuwa nchi ya kijeshi. Familia inapewa ardhi, malipo yake ni wanaume kutumikia. Leo analima, kesho yuko lindoni, na lindo lenyewe lilikuwa pia la kuzuia tauni: msafiri kutoka upande wa pili anawekwa karantini kwanza. Rejimenti 17 zilitoka huko. Walenga shabaha wao walibeba bunduki ya 1768 yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, mmoja laini mmoja wa mifereji, pamoja na mkuki wenye kulabu ambao unachomekwa ardhini kuegemeza bunduki wakati wa kulenga.

Makao makuu wakawaharibu kwa kuwafundisha kusimama mistari kama rejimenti nyingine, ule ujanja wa vichakani ukapungua. Na baada ya mkataba wa Oktoba 1809, rejimenti sita za Kroatia zikahamia mikononi mwa Wafaransa pamoja na ardhi yao. Mwaka 1812 watu hao wako Urusi, wanamtumikia Napoleon.

Kapteni_Mstaafu:
Na Austria yenyewe pia ilipeleka watu 30,000 hivi upande wa Napoleon mwaka huo. Ameshamwoa binti wa kaizari, mtafanyaje.

Mzee_wa_Gobori:
Chini ya Schwarzenberg, ambaye alijitahidi sana asipigane. Agosti 1813 akageuka, akawa amiri jeshi mkuu wa muungano mzima, na Oktoba wakamvunja Napoleon Leipzig. Kambini kwake kulikuwa na wafalme watatu, wa Austria, Urusi na Prusia, kila mmoja na ushauri wake. Mnadhimu wake mkuu alikuwa Radetzky, na mipango mingi ya kampeni ile ilipitia mezani kwake.

Mlima_Meru:
Radetzky huyu huyu wa Italia 1848?

Mzee_wa_Gobori:
Huyo huyo. Kazaliwa 1766, akashinda Custoza Julai 1848.

Mlima_Meru:
Subiri nipige hesabu. Miaka 81! Na wewe kule juu umemcheka Beaulieu wa 70 kwamba ni mzee?

Kapteni_Mstaafu:
😂😂 Mzee wa Gobori, jibu hilo.

Mzee_wa_Gobori:
Beaulieu alikutana na Bonaparte. Radetzky alikutana na mfalme wa Sardinia. Nakwenda kula, nikirudi naanza uzi wa Grenzer.